Gitaa Nililolinyoosha Bila Kuuliza

Mwanangu, iko siku moja pale Nkololo ambayo siisahau. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia Bariadi, na kila aliyefungua ghala aliita bendi yetu. Nilikuwa mpiga gitaa la solo. Wimbo nikiusikia redioni asubuhi, jioni naupiga ulivyo. Watu walinisifu mpaka nikavimba kichwa.

Kwenye zahanati ya misheni alikuwepo nesi Mzungu, Marta, aliyeishi nasi hadi akaongea Kisukuma vizuri. Alipokaribia kurudi kwao, kaka yake, Lukas, akaja kumchukua. Huyo alikuwa mpiga gitaa wa jazi. Marta alituambia kwamba ujanani alipiga kwenye bendi za hoteli kubwa Ulaya, kisha akaacha. Akaanza kulilaza gitaa mapajani, kupachika vijiko na vipande vya mpira kati ya nyuzi, akitafuta sauti ambazo hakuna aliyemfundisha. Kwao wengine walitoka ukumbini, wengine walisafiri mbali kumsikia.

Siku ya kumuaga Marta, bendi yetu ilitangulia kupiga. Gitaa la Lukas lilikuwa kitini, nikaligusa. Hakuna uzi uliokaa sawa! Nikamwonea huruma, mzee wa watu, ataaibika. Nikazikaza nyuzi zote zikakaa vizuri.

Lukas akaketi, akapapasa nyuzi mara moja. Akamtazama dada yake. Kisha akapiga kitu kifupi, kizuri tu, akainuka.

Nikamfuata nje nikitegemea shukrani. "Nyuzi zako zililegea, nikakusaidia," nikasema.

Marta, aliyekuwa naye, alinijibu kabla ya kutafsiri.

"Siku tatu alikaa nyuma ya nyumba yangu ng'ombe wakipita," akaniambia. "Alikuwa akilinganisha kila uzi na kengele zao. Nimeamka na kengele hizo miaka yote. Ulikuwa wimbo wangu wa kuondoka nao."

"Basi azipange tena!"

"Ng'ombe wamehamishwa jana kufuata maji. Nasi tunaondoka kesho alfajiri."

Alipomweleza kaka yake, Lukas hakufoka. Akasema, Marta akitafsiri, "Una sikio zuri, kijana. Nikiwa na umri wako hata mimi nilidhani sauti sahihi ni moja. Ungeniuliza, ningekuonyesha."

Heri angenitukana. Marta aliondoka bila kuusikia wimbo wake, na mimi sijui hadi leo ulikuwaje.

Mwanangu, ukikuta kazi ya mtu usiyoielewa, usikimbilie kuinyoosha. Keti, muulize anatafuta nini. Unaweza kuwa na nia njema kabisa, na mkono hodari, ukaharibu kitu kisichorudi. Na siku ukianza kutafuta cha kwako, watakaokucheka watakuwepo, wewe endelea.

Mungu akupe sikio la kusubiri. Akujalie pia watu watakaokuuliza kabla hawajagusa kilicho chako.