Yai la Moto

Kijijini Kalamba, mbwa anayeiba mayai ana dawa moja, nayo haiuzwi dukani. Yai huchemshwa hadi ligande, likatolewa sufuriani lingali linafuka, likatiwa kinywani mwa mbwa, kisha taya zake zikabanwa kwa mikono miwili ya mwanamume mwenye nguvu. Wanaobana si majambazi. Ni waimbaji wa kwaya, ni wazee wa shule, ni watu wanaoombea chakula kabla ya kukigusa. Hawaliiti jambo hilo ukatili. Wanaliita kufunza.

Kanini hakuwahi kulikubali jina hilo. Yeye alifundishwa kusoma kwa kiboko, na mpaka leo, akiwa mjane mwenye wajukuu, mtu akimsimamia nyuma anaposoma aya kanisani, herufi humtawanyikia kama vifaranga walioona mwewe. Alijua kiboko kilimfunza nini. Kilimfunza kiboko.

Kwa hiyo siku mbwa wake Soja alipomfukuza kuku aliyeatamia na kula mayai yote, na shemeji yake Munyao akavuka ua wa minyaa huku amekunja mikono ya shati, Kanini alisimama mlangoni mwa jiko akamzibia njia.

"Mama Nyamai, injika sufuria," Munyao alisema. "Mimi nitashika."

"Hutashika."

"Basi utakula nini? Hao kuku ndio shamba lako."

Alisema kweli. Mvua za Kalamba haziaminiki, na mayai aliyouza sokoni Tawa ndiyo yaliyomvusha kiangazi. Lakini Soja naye hakuwa mbwa wa kuokotwa. Jonah, mume wake, ndiye aliyemleta akiwa mtoto, akambeba kifuani ndani ya koti, akampa jina. Miezi michache baadaye Jonah alizikwa. Hakuna kiumbe kingine alichokipa jina baada ya Soja.

"Nipe muda mpaka ndengu zitoke shambani," Kanini alisema. "Zikitoka naye bado anaiba, nitachemsha yai mimi mwenyewe."

Munyao alicheka, lakini alikubali.

Jambo la kwanza alilolibadilisha Kanini lilikuwa lake mwenyewe, si la mbwa. Soja alikuwa akilishwa jioni tu, mabaki ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, yakibaki, na yasipobaki akalala hivyo hivyo. Tunamnyima mnyama chakula, kisha tunamwita mwizi anapojitafutia! Sasa kila asubuhi, kabla ya kuku kufunguliwa, Soja alipewa uji. Baada ya uji ndipo darasa lilipoanza. Kanini alisema "Ikala," akingoja mpaka mbwa aketi, kisha akampa dagaa mmoja kutoka kiganjani. Halafu aliweka yai chini, akasema "Eka," yaani liache. Mbwa alipolisogelea, kiganja kilifunga na dagaa hakuonekana. Alipogeuza uso, dagaa alipatikana. Hakukuwa na kelele wala fimbo.

Wapita njia walisimama kando ya ua kumtazama.

"Mama Nyamai," mmoja aliuliza, "huyo mwanafunzi ataingia darasa la kwanza lini?"

"Akiingia utamkuta kwenye kiti chako," Kanini alijibu bila kuinua kichwa.

Ndengu zilipotoka, Munyao alikuja na yai lake mwenyewe mfukoni. Aliliweka mbele ya pua ya Soja. Mbwa alilitazama, akameza mate, akageuza uso kuelekea kwenye minyaa kama mzee wa kanisa anayepita mbele ya baa.

"Huyu umemwokoa," Munyao alisema, na kicheko chake safari hii hakikuwa cha dhihaka.

Ni furaha ya siku hiyo iliyomponza Kanini. Ndinda, mkaza mwanawe, alijifungua kule Kambu, ambako mumewe Nyamai huziba magurudumu ya malori kando ya barabara kuu, na nyanya wa mtoto alitakiwa aende. Nani angebaki na kuku? Munyao alijitolea. Kanini, ili Soja asipate shida chini ya mikono migeni, alimfundisha shemeji yake maneno yale, na jinsi ya kufungua kiganja. Munyao alisema "Ikala," Soja akaketi. Alifungua kiganja, Soja akafungua kinywa. Kanini aliondoka moyo wake umetua.

Aliporudi, akiwa bado ananukia mafuta ya mtoto mchanga, Soja hakuja kumpokea njiani. Alimkuta chini ya ghala, ulimi umevimba ukining'inia kando, ute unadondoka vumbini.

Munyao alikuja akitembea kwa fahari ya mtu aliyemaliza kazi ya mwenzake.

"Mayai yalianza kupotea tena, shemeji. Nikasema nisikusumbue huko kwa mtoto. Nimekumalizia."

"Ulimfunga kamba?"

"Kamba ya nini? Nilisema ikala, akaketi. Nikamwonyesha mkono, akafungua mdomo mwenyewe. Sikuhitaji mtu wa kunisaidia kushika." Akatikisa kichwa kwa mshangao wa kweli. "Ulimfunza vizuri sana."

Kanini aliketi chini hapo hapo, na nguo zake za safari.

Mayai hayakuacha kupotea. Alasiri moja kuku walipopiga kelele, Kanini alitoka jikoni akaona kenge mnene akijiburuta kutoka kwenye viota, kiini cha yai kikimng'aa kwenye pua, akaingia chini ya mawe ya ghala. Alimwita Munyao, akamwonyesha maganda. Munyao alichutama akayatazama.

"Kumbe ni huyo," alisema.

"Ni huyo."

"Pole, shemeji. Lakini usiumie hivyo. Mbwa ni mbwa."

"Aliketi kwa sababu nilimwambia kuketi ni salama," Kanini alisema. "Sikumwambia ni salama kwangu peke yangu."

Keshoye Munyao alikuja kuziba mashimo ya ghala bila kuitwa. Tuseme ukweli: Munyao si mtu mbaya, na hapo ndipo msiba wetu ulipo. Mtu mbaya tungemfukuza. Desturi mbaya iliyoshikwa na mikono mizuri, nani ataifukuza? Kanini alijaribu. Jumapili, wakati wa matangazo, aliomba nafasi akasimama, akaeleza yai la moto ni nini na linafanya nini. Watu walimsikiliza kwa adabu. Nyuma mtu alicheka kidogo. Kisha likatangazwa kongamano la akina mama.

Kinywa cha Soja kilipona, kikabaki na kovu upande mmoja. Aliweza tena kula, kubweka, kuwafukuza tumbili kwenye miembe. Lakini Kanini alipofungua kiganja chake chenye dagaa, mbwa alirudi kinyumenyume mpaka mgongo wake ukagonga ua. Aliposema "Ikala," kwa sauti ile ile ya zamani, Soja aliketi. Aliketi mara moja, huku akitetemeka, na mkojo ukamtoka.

Kanini hakulisema tena neno hilo.

Sasa kila asubuhi huuweka uji chini, husogea hadi karibu na mlango wa jiko, kisha humpa mbwa wa Jonah kisogo. Yeye akigeuka mapema, Soja huacha kula. Kwa hiyo Kanini husimama akiitazama nyumba, mikono yake imeshikana mbele ambako mbwa hawezi kuiona, na kusikiliza mpaka Soja alambe bakuli likauke.