Mfarishi wa Mtoto wa Julai

Mwanangu, kila Julai baridi ya Nairobi inapoanza kutung'ata masikio, huikumbuka siku moja kule mtaani Jericho, miaka ya sabini, nilipogombana na kitambaa kikanishinda.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa amezaliwa kabla ya siku zake. Mama mkwe akaja kutoka Kiambu, akagusa sakafu ya simiti, akatoa hukumu: nisipopata kitu cha kumpasha mtoto joto, kesho angeondoka naye, na mama yake pia, mpaka jua lirudi. Mimi, msomi wa chuo kikuu niliyeamini kila jambo lina kanuni, nikaketi kwenye cherehani ya mke wangu kushona mfarishi: viraka vya pamba juu, kitambaa cha manyoya laini chini.

Manyoya yale ni laini kwa ngozi, makaidi kwa sindano. Yakateleza, nikayavuta. Yakanyooka, nikajisifu, nilipoyaachia yakajikunja kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Nikafumua, nikavuta zaidi. Mke wangu akataka kuamka anisaidie. "Lala," nikamwambia, "hii kazi ndogo."

Sasa, kwa desturi ya kwao mke wangu, mkwe hakaribiani wala kusemezana na mkwewe ovyo. Mama mkwe alikuwa ameketi mbali, uso ukutani, mtoto mapajani. Hatimaye akamwambia mtoto: "Mjukuu wangu, hebu muulize baba yako, anashona au anachuna mbuzi?"

Mke wangu akacheka mpaka akashika tumbo. Nami nikajibu kwa njia ileile: "Mwambie shosho, bibi yako, kitambaa kinanikimbia."

"Mwambie kinavutwa na uzito wote huo unaoning'inia kando ya cherehani. Nani atakishika, na msaidizi wake amemfukuza?"

Nikaiachia cherehani. "Mwambie shosho… naomba mkono."

Akampa binti yake mtoto, akaja, akaubeba uzito wa kitambaa mikononi huku akitazama dirishani. Tukapiga bandi kwanza, mishono mirefu ya mkono ya kushikiza, ndipo nikaendesha cherehani polepole bila kuvuta. Pindo moja lilikwenda upande, lakini mfarishi ulilala sawa. Kesho yake mama mkwe akamfunika mjukuu, akaaga, akaenda zake peke yake.

Kidole kimoja hakivunji chawa, mwanangu. Mimi nilidhani chawa wangu mdogo. Kazi ikikuvuta, usivutane nayo. Omba mkono, hata wa yule unayemwonea haya, na uombe kabla hujachakaza kitambaa kwa kufumua. Mungu akujalie nyumba yenye joto, na asikukoseshe mtu wa kukushikia upande wa pili.