Msusi wa waya na uzi usio wake

Ni Alhamisi, saa moja na robo asubuhi. Mashine ya kuvalisha waya maganda bado haijawashwa. Mwanamke wa makamo anainama mezani na kupitisha waya katikati ya midomo yake, taratibu, kipande kwa kipande. Ghafla anasita, anafumua, anasuka upya.

Wenzake wanadhani ni mazoea tu. Siyo. Vidole vyake vimekufa ganzi, na midomo ndiyo pekee inayoweza kumwambia kama amekaza kupita kiasi.

Karakanani wanamwita Msusi. Alikuwa akisuka nywele barazani kwake, hadi miaka kumi na moja iliyopita mwenye karakana alipotafuta mikono ya kusuka waya za spika, zile za wapenda muziki wenye pesa zao. Jozi moja huuzwa kwa kiasi ambacho Msusi hukipata kwa miezi kumi na minne.

"Nilicheka," anasema. "Nikamuuliza, huyo mteja wako ana kichwa cha shaba?"

Kazi yenyewe haina mzaha. Nyuzi nane za shaba huzungushwa juu ya kamba ya pamba, nne zikienda kulia na nne kushoto, zikipishana ili kila moja ikae juu na chini kwa zamu sawa. Ukilegeza, spika zinavuma. Ukikaza mno, shaba inachoka, inapata ufa, na upande mmoja wa muziki unakatika.

Aliwahi kusikilizishwa muziki kupitia waya hizo mara moja tu. "Nilimsikia mwimbaji akimeza mate! Nikasema, kumbe mikono hii ndiyo iliyofanya haya?"

Ganzi ilianza miaka miwili iliyopita. Daktari alimweleza kwamba mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, apasuliwe, kisha apumzike miezi mitatu. Lakini hakuna kiti karakanani kinachosubiri miezi mitatu. Msusi akafunga mdomo na kuendelea kusuka.

Karakanani kila msukaji hufunga uzi wa rangi yake mwanzo wa waya, chini ya ganda, ambapo mnunuzi hauoni. Waya ikirudi na hitilafu, ganda hupasuliwa na rangi inamtaja mwenyewe. Zikirudi tatu, kwaheri. Msusi, mwenye rangi ya bluu, alikuwa amesharudishiwa mbili.

Meza ya jirani alikaa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwenye uzi wa njano. "Vidole vyako vimekwenda likizo bila ruhusa," alikuwa akimtania, huku akimrekebishia palipoharibika. Siku za haraka hakuweza kurekebisha kote. Hapo ndipo alipoanza kufunga uzi wa njano kwenye kazi za Msusi.

"Nilimwona," anasema Msusi. "Nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilimwona."

Wiki tatu zilizopita zilirudi waya tatu kwa mkupuo. Zote za njano. Wifi alivua aproni, akaikunja, akatoka. Siku hizi anafulia watu nguo, na jioni hupita nyumbani kwa Msusi kumwona mama yake mzazi, mkwe wa Msusi, ambaye amekuwa mikononi mwa Msusi tangu Msusi afiwe na mume.

Jana jioni mwandishi wa makala haya aliwakuta wote wawili huko.

"Ningesema nini?" aliuliza wifi, mikono yake ikiwa imechubuka kwa sabuni. "Angefukuzwa huyu, mama angekula nini? Mimi vidole ninavyo. Halafu nguo chafu hazifungwi uzi, hakuna atakayenirudishia."

Alicheka peke yake. Msusi alikuwa akitazama sakafu.

"Wiki tatu nakula riziki yako, wifi. Haipiti kooni."

Mwandishi alipouliza kama sehemu hiyo iachwe, Msusi alikataa. "Andika yote. Gazeti linatoka Jumatatu, mimi Ijumaa nakwenda kwa bosi. Nitamwambia zile waya ni zangu, amrudishe huyu mezani kwake. Mimi nikapasuliwe. Vidole vikiamka, nitarudi barazani kusuka nywele."

"Wifi, acha wazimu," alisema mwenzake.

Asubuhi hii Msusi amemaliza waya yake. Kesho ndiyo Ijumaa. Anachomoa uzi wa bluu na kujaribu kuufunga. Unamponyoka mara mbili, mara tatu. Mwishowe anainama na kuukaza kwa meno.