Kwenu Hakuna Mvua

Bwana yangu alifanya miaka mitano jikoni kwa muzungu mumoja wa machimbo, kule Walikale. Wenzake walirudi na mabati, na baiskeli, na vyerehani vya bibi zao. Yeye alirudi na jiwe.

Lilikuwa jiwe dogo, jeusi, lenye kung'aa, kiasi cha jino la mbuzi. Pamoja na jiwe alileta kipande cha simu iliyokufa, kile cha kuweka ku sikio. Nilimuuliza, "Na chumvi?" Alisema chumvi alisahau.

Alisema atatengeneza posti. Kwetu Nyabiondo siku zile neno posti lilikuwa na maana mbili. Ya kwanza ni sanduku la wazungu lenye kusema, yaani redio. Ya pili ni pale serikali inakaa, penye bendera na buloko ya kufungia watu. Muzitenganishe vizuri, maana kijiji kizima hakikuzitenganisha.

Alizungusha waya mwembamba juu ya chupa, pole pole, kwa uvumilivu ambao paa letu lenye kuvuja halijauona mpaka leo. Jiwe alilikaza mu kifuniko cha kopo la dawa, akachukua pini ya nepi ya mutoto, akawa anagusa jiwe kwa ncha yake. Waya wangu wa kuanikia nguo ulipanda juu ya mukaratusi, ukaitwa antene. Nguo zetu nikazianika juu ya majani, mbuzi za jirani zikazichunguza. Waya mwingine ulifungwa ku chuma kilichopigwa mu udongo, na udongo ule ulitaka maji kila siku. Nani alikuwa anayateka, siandiki.

Watu walishangaa kwa sababu posti ile haikutaka pile, yaani betri. Kitu kisichokula, na kinasema. Mimi nilikuwa na kitu chenye kusema ndani ya nyumba tangu zamani, ila chenyewe kilikula.

Redio za mbali jiwe halikuzikamata. Lilikamata muntu mumoja tu, muzungu wa shamba la kahawa, kilima cha tatu toka kwetu, kuelekea Bihambwe. Yule alikuwa na mashini ya kusema hewani. Haikuwa kazi yake, alipenda tu, kama vile wengine wanapenda kufuga njiwa. Kila siku saa kumi na moja, jua likingali juu ya vilima, alianza, "Alo, alo."

Sauti ilikuwa ya sikio moja tu, na sikio lilikuwa la bwana yangu. Basi wanaume walijaa mu kiwanja chetu, wakakaa wakiangalia sikio la bwana yangu. Kifaransa chake kilikuwa cha jikoni. Alijua sana mafuta, haraka, na si hivyo. Muzungu akisema maneno mia moja, yeye alikamata tano, na tano zile alizitolea mahubiri.

Mwaka ule mavuno yalikuwa mabaya. Mwezi wa tisa ulipofika nilikuwa na nyungu moja ya mbegu ya maharagi, nimeichanganya na majivu, na watoto watano walikuwa wanaiangalia kila wakipita. Tukipanda kwa wakati, tutakula. Tukichelewa, tutakula mbegu, na kisha hatutakula.

Siku moja bwana yangu akainua mukono.

"Anasema kwenu hakuna mvua. Miezi miwili. Kwenu hakuna mvua miezi miwili."

"Kwenu wapi?" kaka yake akauliza.

"Amesema she vu. She vu njo kwenu. Anasema na nani mwingine? Si mimi mwenye kusikia?"

Asubuhi neno lilikuwa limefika kwa kapita, mukubwa wa kijiji upande wa serikali. Walimwambia posti imesema. Hakuuliza posti gani. Kapita haulizake Posti, Posti njo inamuuliza. Akapita nyumba kwa nyumba: muntu asipande mpaka miezi miwili, mwenye kupanda atajua.

Siku ya tatu nikasikia harufu ya maharagi kwa jirani.

"Dada, unapika mbegu?"

"Nifanye nini? Miezi miwili wadudu watakuwa wameimaliza. Afazali tuwatangulie."

Na mawingu yalikuwa yanakaa juu ya kilima kila mangaribi. Nikaenda kwa bwana yangu, nikamwambia anipe kile kitu, nisikilize mwenyewe.

"Si kazi ya mwanamuke. Utaharibu jiwe."

"Basi kesho udongo wako utateka maji wenyewe."

Akanipa.

Sauti ilikuwa ndogo, kama inzi ndani ya kibuyu. Kifaransa sikujua hata neno. Muzungu alisema, akasema, akanyamaza. Bwana yangu akanyoosha mukono. "Amemaliza, lete." Sikuleta. Kimya kilikaa muda wa kumenya viazi viwili. Halafu muzungu akacheka. Akasema "wi, wi," kama muntu anayeitikia, akaendelea, akanyamaza tena.

Mama mukwe wangu alikuwa na dada yake kilima cha ng'ambo. Kila siku alisimama nyuma ya nyumba, akapiga kelele juu ya bonde. Mimi ndani nilisikia upande mumoja tu: "Ameanguka? ... Na mbuzi? ... Eee, kwenu mutama umekauka!" Miaka yote ile mutama wetu haukukauka kwa sababu ya maneno yake.

Nikamuuliza bwana yangu, "Papa, huyu muzungu anasema na nani?"

"Na sisi."

"Wewe umemujibu nini?"

"Simujibu. Posti hii haina kinywa."

"Basi nani amemuchekesha?"

Akaangalia chupa yake.

"Iko mwenzake, mbali," nikamwambia, "sisi hatumusikii. Mwenzake anasema kwetu mvua hakuna. Huyu anarudisha, ee, kwenu hakuna mvua. Iko anamupa pole."

"Na kama umekosea? Kapita atatuandika. Watanipeleka Posti, wanichape."

"Posti gani, ya bendera ao ya chupa?"

Hakucheka. Alikuwa na haki, mugongo ulikuwa wake. Nami nilipima: nikikosea, mbegu itaoza na bwana atachapwa. Lile la mbegu lilininyima usingizi.

Kesho yake nikapanda. Shemeji yangu akapita kando ya shamba. "Shemeji, unalisha kware?" Kapita naye akafika na kitabu chake.

"Mama, ninaandika jina la bwana yako."

"Andika. Andika na jina la muzungu wa Posti aliyekutuma."

Akalamba kalamu, akafikiri, akaenda zake.

Siku ya kwanza, vumbi. Ya pili, vumbi. Ya tatu bwana yangu aliamka, akatazama juu, akaniambia fimbo za Posti ni za ngozi ya kiboko. Nilimwambia ninajua. Siku ya nne, saa nane, mvua ilianguka, ikaanguka mpaka usiku, na haikuacha mwezi ule wote.

Jirani alikuja na kikombe. Nilimupa mbegu iliyobaki chini ya nyungu. Nilimupa na maneno kidogo.

Maharagi yalipokuwa na majani manne, muzungu wa kilimo alifika toka Posti, ile ya bendera. Akauliza kwa nini vilima viko vitupu. Kapita, mwenye akili nyingi siku ile, akamuleta mbio ku shamba langu, akasema hili njo shamba la mufano. La nani? La huyu bwana. Muzungu akamupa bwana yangu mukono, akamusifu mbele ya wanaume wote kwamba ni mulimaji mwenye kuona mbali, akamupa jembe jipya. Bwana yangu akainamisha kichwa, akasema ni bidii tu, na kumuogopa Mungu.

Jembe nililitoa mukononi mwake kabla muzungu hajafika barabarani. Majani mabaya yalikuwa yameanza kuota.