Bustani Juu ya Tangi

Mwezi uliopita nilipata kibarua cha kuhamisha vyombo kwenye nyumba moja kuukuu huku ughaibuni, mjini Columbia. Niliposhuka chumba cha chini kuchukua masanduku, nikapokewa na harufu ya mafuta ya kupashia nyumba joto, nzito, kama ya koroboi iliyozimwa sasa hivi. Nikakaa kwenye ngazi. Mwenzangu akadhani nimechoka, akaniletea maji. Ningemweleza nini? Kwa mawazo nilikuwa nimeshafika kwa bibi yangu.

Shule niliiacha mapema, na tangu hapo ni mtu wa kuhamahama. Nimeosha vyombo, nimepanga maboksi, nimepaka rangi, na kila mahali nauliza maswali mpaka watu wananichoka. Tabia hiyo niliianzia uani kwetu, karibu na Upper Marlboro, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa na miaka tisa.

Nyumba yetu ilikuwa ya zamani. Mafuta yaliletwa na lori, na tangi lilikuwa limezikwa nyuma ya nyumba miaka mingi kabla yetu. Kilichoonekana ni bomba tu lenye kifuniko, limechomoza kwenye majani. Mama alikuwa akitunza wazee, akiondoka asubuhi na kurudi jioni na miguu imevimba. Kwa hiyo nililelewa na bibi, aliyekuja kutoka Korogwe na mbegu za mchicha kwenye pindo la kanga. Aliniita mke mwenzake. Akinikuta nimelala mchana alisema, "Mke mwenzangu, mume atatuacha wote kwa uvivu wako."

Alilima kando ya lile bomba kwa sababu udongo wa pale ulikuwa laini. Siku ya kwanza ya kulima alichota konzi ya udongo, akainusa, akafurahi. Ulinuka mafuta. Kwao, mwenye akili hupaka nguzo za nyumba oili chafu na kumwaga kidogo ardhini, mchwa wasiingie. "Aliyekaa hapa kabla yetu alijua kazi," aliniambia. Mstari wa karibu na bomba ulipoanza kuwa njano, alisema udongo wa pale ni mkali, akauongezea mbolea ya kuku.

Mchicha mwingine wote ulistawi. Jumamosi watu walikuja na mifuko mitupu: Watanzania wa msikitini na wa kanisani, mwalimu mmoja Mkenya aliyeuita mchicha terere, na jirani yetu Mkongo aliyeuita lengalenga na kuondoka na fungu kubwa kuliko wote. Bibi hakuuza hata jani. Alipika mwingine kwa nazi na karanga, na mvuke ukafunika vioo vya jikoni.

Msimu wa baridi ulipokaribia, tanuri la kupashia nyumba joto likaanza kukohoa na kuzimika. Mama akaita fundi. Alikuwa mtu mnene, mpole, akatumbukiza kijiti kirefu kwenye bomba, akakivuta na kukitazama ncha. Maji yalikuwa yameingia ndani ya tangi. Akainama, akachota udongo wa bustani, akaunusa kama bibi alivyounusa. Akaniuliza harufu ile ilianza lini.

Bibi alikuwa akielewa Kiingereza kidogo sana, nami nilikuwa mkalimani wake. "Mwambie tangu nilipoanza kulima," alisema kwa fahari. "Ni dawa ya mchwa."

Nikatafsiri. Fundi akavua kofia. Akasema hakuna aliyemwaga kitu. Tangi limeoza na linavuja, litang'olewa, na udongo wote wa pale utachukuliwa na lori. Kisha akauliza polepole, "Hizi mboga mnakula?"

Nilipomtafsiria bibi, hakuuliza chochote kuhusu tangi. Alifuta mikono kwenye kanga akaniambia, "Nitajie wote waliokuja Jumamosi."

Jioni ile mama alimsihi. "Mama, yaache. Hakuna aliyeumwa. Ukisema utajiaibisha bure, na hawa watu hawatakanyaga tena hapa."

"Wasikanyage," alisema bibi. "Aliyekula kwangu ana haki ya kujua nimemlisha nini."

Jumamosi aliwapangia viti mbele ya nyumba. Nilimwona akisimama mbele yao, yeye aliyezoea kuchota na kugawa, mikono haina kitu. Aliwaambia yote, na harufu aliyoinusa siku ya kwanza, na mchwa wake. Hakusingizia ugeni. Mwalimu Mkenya alitazama mfuko wake mtupu. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo jirani Mkongo, ambaye kwao mafuta yale huitwa mazuti, akashika tumbo. "Mama, sasa nimejua. Miye tangu mwezi wa saba sisikie baridi. Kumbe niko na mazuti mu tumbo."

Walicheka mpaka wengine wakashika viti. Bibi alicheka pia, huku machozi yakimtoka, na sijui hadi leo yalikuwa ya nini.

Mashine ilikuja, ikang'oa tangi lenye matundu kama chujio, ikabeba bustani nzima. Tangi jipya liliwekwa chumba cha chini, safi, juu ya miguu minne. Nyumba ikapata joto. Shimo likajazwa udongo mwekundu, na bibi hakupanda kitu tena pale. Kiangazi kilichofuata jirani Mkongo alileta fungu la lengalenga kutoka uani kwake. Bibi alilipokea kwa mikono miwili, akasita.

"Nusa tu, mama," alisema jirani. "Mimi sichukie."

Bibi akanusa. Kisha akaenda kubandika sufuria.

Bibi hayupo sasa. Jirani alihamia mbali, na nyumba ile mama aliiuza. Nasikia siku hizi inatumia gesi. Nimefanya kazi kwenye majiko mengi tangu hapo, nimeona vyakula vilivyoharibika vikipambwa na kupelekwa mezani. Sijamwona mpishi hata mmoja akivua aproni na kwenda kuwaambia waliokwisha kula.