Redio ya Mwenye Bucha

Mwenye bucha wa mji wetu, huku bara kabisa New South Wales, ana vidole vinene vyenye makovu. Redio ya taifa ikipiga opera, ile michezo ya kuigiza inayoimbwa, huupunguza mwendo msumeno wake ili usiizibe sauti, na midomo yake huchezacheza bila kutoa neno. "Mzee, zima kilio hicho!" humtania Mervyn, mkata manyoya ya kondoo. "Sisi Waaustralia ni watu wa bia na raga." Yeye hucheka tu, akamfungia soseji zake.

Juzi alikuja buchani ofisa wa serikali kuuliza kama mnara wa redio hiyo uzimwe, maana Sydney wanaamini huku hakuna anayejali muziki wa namna ile. "Nani hapa anausikiliza?" Foleni nzima tukatazama sakafu. Mwenye bucha akaweka kisu chini, akajifuta mkono taratibu, akaunyoosha juu peke yake. Kisha Mervyn, uso umemwiva, akafoka: "Andika wawili! Na uwaambie wakubwa zako, leo asubuhi yule mama wa opera wamemkatiza kwa taarifa ya habari, hata hajamaliza kuimba."