Barafu Iliyoelea Katika Alkoli ya Maman Noela

Siku yangu ya kwanza katika duka la dawa la hospitali, huku Cyangugu, nilikabidhiwa koti jeupe lisilo na kifungo hata kimoja, funguo mbili na glasi ndogo ya kioo. Nilikuwa nimerudi kutoka Uvira, nilikokulia, vita vya huku vilipokwisha. Cheti changu hakuna aliyekisoma. Walitaka mtu wa kukaa dirishani na kupokea mali.

Mkuu wa duka alikuwa mzee mkavu asiyependa maneno mengi. Alkolimetri ya hospitali, yaani kijiti cha kioo chenye namba kinachopima nguvu ya alkoli, ilikuwa imeporwa pamoja na mizani. Alkoli ya kusafishia vidonda tuliletewa na akina mama wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kwa bidoni, yaani madumu, na wengine walikuwa na mkono mwepesi wa kuongeza maji. Mkuu alichukua kipande cha barafu kutoka friji ya chanjo, akakidondosha katika glasi ya alkoli. Kikazama moja kwa moja.

"Umeona? Ikizama, pokea bidoni. Ikibaki juu, muntu ametiya mayi, arudi nayo kwake. Tiya barafu kadogo, na usitoshe macho kwa glasi."

Sababu yake si uchawi. Maji yakiganda hutanuka, ndiyo maana chupa iliyojaa hupasuka ndani ya friji. Kwa hiyo barafu ni nyepesi kuliko maji ya ujazo uleule, nayo huelea juu yake. Alkoli ni nyepesi zaidi ya barafu, haiwezi kuibeba. Ukiichanganya na maji mengi inakuwa nzito, na barafu inapanda juu.

Kazi hiyo niliifanya kwa muda mrefu bila kosa, nikaanza kujiona bingwa. Asubuhi moja barafu ilikuwa imeshikana kwenye kisahani chake. Nilikuwa mvivu wa kuivunja, nikatia bonge zima katika glasi ya alkoli ya Maman Noela, aliyekuwa akituletea tangu kabla yangu. Muuguzi akaniita wodini. Niliporudi, kilichobaki cha barafu kilikuwa kinaelea.

"Maman, leo umetuletea mayi," nilisema, tena kwa sauti, mbele ya wenzake wote waliopanga foleni. Walicheka.

"Papa, mi sijatiya mayi humu. Unanijua. Uliza bantu."

Nilimrudishia bidoni. Akaibeba mgongoni kwa ukamba uliopita kwenye paji la uso, akaelekea mpakani.

Desturi yetu ilikuwa kubakiza kichupa kimoja kutoka kila bidoni, chenye jina la mwenye mali. Jioni mkuu alikichukua cha Maman Noela, akadondosha barafu ya ukubwa wa ukucha. Ikazama.

"Wewe ulitiya barafu gani?"

Nikamwonyesha kwa ngumi.

"Na ukaenda? Basi iliyeyuka mule. Mayi umetiya weye."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilikusudia kuvuka kesho yake nimwombe radhi, lakini wiki hiyohiyo vita vililipuka upande wa pili na daraja likafungwa. Alkoli tuliyokuwa nayo iliwekwa kwa ajili ya chumba cha upasuaji peke yake. Wodini tulichemsha maji ya chumvi. Kila bidoni tupu niliyoipita ilinikumbusha ile niliyoirudisha.

Daraja lilipofunguliwa tena, Maman Noela alikuja mikono mitupu. Wenzake walikuwa wamempa jina la Maman Mayi, na maduka ya Bukavu yalikuwa yakimtilia shaka. Nilimvuta pembeni nimwombe msamaha. Alikataa.

"Ulinisema mbele ya bantu, Papa. Sema palepale."

Nikarudi dirishani, nikawaambia wote waliokuwepo: barafu ilizama, kosa lilikuwa langu.

"Sema tena, banyuma hawajasikia."

Nikasema tena.

Baadaye nilihamishiwa Bweyeye, ambako friji ilitumia mafuta ya taa na dawa zilifika kwa miguu. Nikamalizia Muganza, nikiwahudumia wafanyakazi wa kiwanda cha saruji. Mkuu wa huko alikuwa na alkolimetri mpya ndani ya kasha la velveti, na vijana walicheka nilipowasimulia habari za glasi. Sikuwalaumu. Ila niliwakataza kuondoka dirishani kabla kipimo hakijasomwa, na katika hilo sikuwa mpole.

Sasa nimestaafu. Maman Noela naye amezeeka, ana meza ya sambaza, wale dagaa wa ziwani, sokoni Kamembe. Siku za soko nikipita, huniita kutoka mbali, na majirani zake wote hunyamaza kwa sababu wanajua kinachofuata.

"Papa! Na ile barafu?"

Mimi husimama na kupaza sauti ili hata wa meza ya mwisho wasikie.

"Ilizama, Maman."